Kermesi ya Noeli na Kipimo cha Haki



Desemba ikifika, Mahagi-Port hubadilika. Mitumbwi ivukayo kutoka upande wa Panyimur, ng'ambo ya mpaka, hushusha kreti za bia na marobota ya nguo za bonane. Malori yateremkayo kutoka nyanda za juu za Mahagi huleta viazi, maharage na mbuzi. Wavuvi hukesha ziwani wakitafuta ngege na kapiteni wa sikukuu. Kisha uwanja wa parokia hufungwa kamba, vibanda husimikwa, na penye kivuli kizuri kuliko pote husimama hema la bia. Hiyo ndiyo kermesi ya Noeli. Mapato yake yanatazamiwa kununua mabati, kushona sare za kwaya, kulipia safari ya hija ya vijana. Siandiki dhidi ya kermesi. Jamii isiyojua kukusanyika na kula pamoja imekwisha kufa nusu.

Ninaandika dhidi ya desturi moja iliyoota ndani yake: desturi ya kumwuzia mtu sikukuu kwa bei isiyolingana na kile anachopewa, kisha kumtaka anyamaze, kwanza kwa sababu ni Noeli, pili kwa sababu ni kwa ajili ya Kanisa. Sababu zote mbili ni batili, na nyinyi vijana, ambao mara nyingi ndinyi mnaoshika daftari na sanduku la fedha, mnapaswa kuzikataa.

Tuitazame desturi yenyewe bila kupaka mafuta. Chupa iliyouzwa Jumamosi dukani kwa bei moja huuzwa kwa bei nyingine Jumapili ndani ya kamba za kermesi, ingawa chupa ni ileile na duka liko hatua hamsini tu. Sahani ya wali na samaki hukonda hadi samaki akabaki kichwa na mkia. Mnunuzi akitoa noti kubwa huambiwa hakuna chenji, naye hupewa peremende tatu badala ya faranga zake. Penye utaratibu wa kununua kwanza karatasi ndogo zenye mhuri, zile zitumikazo badala ya fedha uwanjani, karatasi zinazobaki mkononi jioni hugeuka takataka. Na popote uangaliapo, hakuna bei iliyobandikwa. Muuzaji hutazama kwanza viatu vya mnunuzi, ndipo hutaja bei.

Kila tendo hapo ni dogo. Lakini wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, na msemo huo hauchagui: hujaza kibaba cha mwenye kuweka akiba, na hukitoboa kibaba cha mwenye kuibiwa kidogo kidogo.

Kisingizio cha kwanza husema: Noeli huja mara moja kwa mwaka, kwa hiyo watu wavumilie. Zaidi ya miaka 700 iliyopita Mtakatifu Thomas wa Akwino alilichambua jambo hili katika Summa Theologiae, mahali anapoijadili dhambi ya udanganyifu katika kununua na kuuza. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii. Kama muuzaji anapata hasara kwa kuachana na kitu chake, anaweza kuiingiza hasara hiyo katika bei. Lakini kama mnunuzi anakihitaji kitu sana, na muuzaji hapotezi chochote cha ziada kwa kukiuza, basi muuzaji hana haki ya kupandisha bei kwa sababu ya uhitaji huo. Uhitaji ule ni wa mnunuzi, na hakuna awezaye kuuza kisicho chake.

Ipimeni hoja hiyo kwa mtoto wa miaka mitano aliyeona puto jekundu kwenye kibanda. Puto lilinunuliwa na mwenye kibanda. Hilo ni lake, na anaweza kuliuza kwa faida halali. Lakini ile hamu inayong'aa machoni pa mtoto, na aibu ya baba asiyetaka kumwona mwanawe akilia siku ya kuzaliwa kwa Bwana, si mali ya mwenye kibanda. Hakuinunua Bunia, hakuivusha ziwa, hakulipia ushuru wake. Akiitia katika bei, anauza mali ya mwingine. Kwamba sikukuu huja mara moja kwa mwaka hakupunguzi uzito wa tendo. Kunauongeza, kwa kuwa maskini aliyengoja siku 364 hana siku nyingine ya kujaribu tena.

Hapa yatupasa kutenda haki kwa wauzaji. Si kila bei inayopanda mwezi wa Desemba ni wizi. Barabara zetu huharibika wakati wa mvua, na gari lililokwama siku mbili njiani halirudishi gharama zake kwa sala. Shilingi ya Uganda na faranga yetu havisimami mahali pamoja. Mvuvi aliyerudi na nyavu tupu siku tatu lazima ale kwa samaki wa siku ya nne. Chupa tupu na kreti zina dhamana, na chupa ikivunjika hasara ni ya mwenye kibanda. Gharama za kweli zina haki ya kuingia katika bei, na mteja mwenye akili huzikubali akielezwa. Bei inayoeleweka haimkasirishi mtu hata ikiwa juu. Kinachomkasirisha ni bei isiyo na maelezo, inayobadilika kati ya meza na meza.

Kisingizio cha pili ni kizito zaidi kwa sababu kimevaa kanzu. Husema: fedha hii ni ya Kanisa, kwa hiyo anayelalamika anamlalamikia Mungu. Nimekuwa katekista kwa miaka mingi, na sijaona fundisho lolote linaloruhusu kuchanganya bei na sadaka. Bei ni deni la pande mbili: mimi nakupa fedha, wewe unanipa kitu kinacholingana nayo. Sadaka ni tendo la moyo huru. Paulo, alipowaomba Wakorintho wachangie ndugu wa Yerusalemu, alitaka kila mmoja atoe kadiri alivyokusudia moyoni mwake, pasipo kushurutishwa. Mtu aliyepewa nusu ya samaki kwa bei ya samaki mzima hakutoa sadaka ya nusu samaki. Alinyang'anywa, na tendo la kunyang'anya halitakasiki kwa kupitishwa altareni.

Kama parokia inahitaji mabati, na iseme: tunahitaji mabati. Muweke kapu kando ya kila kibanda. Mtu alipe bei ya haki ya sahani yake, ashibe, kisha moyo ukimsukuma atie kitu kapuni. Ninaujua ukarimu wa watu wa pwani hii. Mama ambaye hana godoro nyumbani huleta kuku kwa ajili ya ujio wa askofu. Watu wa namna hii hawahitaji kutegewa mtego ili watoe.

Wengine husema: hakuna aliyelazimishwa kununua, asiyetaka apite. Maneno hayo yangekuwa na nguvu kidogo kama kermesi ingekuwa duka moja kati ya maduka mengi. Lakini siku ile uwanja wa parokia ndio mahali pa wote. Ndipo Misa inapotolea watu, ndipo ngoma inapopigwa, ndipo marafiki wa mtoto walipo. Kumwambia maskini apite ni kumwambia aondoke kwenye sikukuu ya jamaa yake. Na tusisahau ni nani wamesimama kwenye kamba wakitazama. Tangu mapigano ya Djugu yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2017, familia nyingi zilikimbia makazi yao. Baadhi zilivuka ziwa hadi Uganda, baadhi zilikuja kwetu. Watoto wao wanasali nasi. Mtoto wa namna hiyo akishika faranga zake chache, alizopewa na shangazi, ana haki ya kupata kwa faranga hizo kilekile ambacho mtoto wa mwenye duka anapata kwa faranga zilezile.

Sasa tuingie hemani, kwa kuwa hema la bia ndilo kitovu cha fedha ya kermesi.

Mimi ni mwalimu wa walimu, nami hupenda ubao. Chupa za bia hazina ujazo mmoja: iko ya sentilita 72, iko ya 65, iko ya 50, iko ya 33, na ujazo umeandikwa kwenye lebo kwa yeyote anayetaka kusoma. Tuseme, kwa mfano tu, chupa ya sentilita 72 inauzwa faranga 3,600. Kila sentilita ni faranga 50. Usiku chupa kubwa zikiisha, zinaletwa za sentilita 50 za bia ileile, nazo zinauzwa faranga 3,600 vilevile, kwa kuwa bia ni bia. Kwa hesabu ya kwanza chupa hiyo ilistahili faranga 2,500. Mnunuzi amelipa faranga 1,100 za hewa. Akinywa nne, ametoa 4,400 bila kupokea kitu. Mchana, macho yakiwa mazima, angeliuliza. Usiku haulizi, na aliyepanga mauzo anajua kwamba haulizi.

Desturi hiyo ni ya zamani kuliko hema letu. Someni sura ya pili ya Injili ya Yohane, harusi ya Kana. Mkuu wa meza anashangaa, kwa sababu anaijua kawaida ya dunia: divai nzuri hutolewa kwanza, na wageni wakishalewa huletwa ile hafifu. Alikuwa akielezea, bila kujua, biashara ya mahema yote ya vileo hadi leo. Na Yezu alifanya nini? Mabalasi sita ya mawe yalijazwa hadi juu, na kilichotoka mwishoni kilikuwa bora kuliko cha kwanza. Mara nyingi tunaitumia Kana kuhalalisha hema la bia. Vema, tuitumie yote. Anayetaka kumtaja Bwana wa Kana ili auze kinywaji, ajaze pia hadi juu, na asimpunje mlevi kwa kuwa ni mlevi.

Tena hesabu ya hema haiishi usiku ule. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini mwenye mtoto wa sekondari anajua kinachomngoja Januari. Noeli na Bonane zikipita, muhula wa pili hufungua mlango wake na kudai karo, daftari na viatu. Kijana aliyeketi hemani hadi alfajiri akilipia hewa, mara nyingi amelipa kwa viatu vya mdogo wake. Simkatazi mtu mzima chupa yake. Ninadai tu kwamba aijue bei ya chupa hiyo kabla haijafunguliwa, na kwamba asiyefikia umri wa utu uzima asiuziwe kabisa, hata akisema ametumwa na baba.

Lakini wanunuzi nao wasijifanye malaika. Mtu huyohuyo aliyelipa hemani bila kuuliza, asubuhi yake alisimama mbele ya mama muuza samaki na kumkamua. Fungu la ngege lilikuwa na bei ya haki. Akataka lipunguzwe nusu, akaondoka, akarudi, akaongezewa samaki wawili juu, kisha akajisifu kwa wenzake kwamba anajua kununua. Kwa mama aliyeamka saa tisa za usiku kungoja mtumbwi, tunahesabu kila faranga. Kwa muuza bia mwenye kipaza sauti, tunaona haya kuhesabu. Kibaba chetu kinafanya kazi kuelekea chini tu. Kama tunataka thamani ya fedha yetu, tuidai kwa wenye nguvu kwanza, na tumlipe mnyonge bei inayomwezesha kurudi ziwani kesho. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inapoamuru mizani ya haki, haimtaji muuzaji peke yake. Mizani ina vyano viwili.

Na kabla ya kumlaumu mama wa kibanda kwa sahani iliyokonda, ichunguzeni kamati. Tuseme kodi ya kibanda kwa siku moja ni faranga 20,000, na mama anapika sahani 40. Kila sahani imekwisha kubeba faranga 500 kabla ya mafuta, mchele, samaki na kuni. Atazitoa wapi? Atazikata kwenye mgongo wa samaki. Sahani ile hupunguzwa ofisini, siku kodi inapopangwa, wala mpishi hana ujanja mwingine. Kamati inayotaka mapato makubwa kutoka kwenye vibanda vidogo inawatuma akina mama wakaibe kwa niaba yake, kisha yenyewe inaketi safi kwenye meza kuu.

Masoko ya Noeli hayakuanzia kwetu, na ni vizuri kujua kidogo historia yake. Huko Dresden, Ujerumani, mwaka 1434 mtawala Friedrich wa Pili wa Saxony aliruhusu soko la nyama la siku moja kabla ya Noeli. Watu walikuwa wakitoka katika mfungo wa Majilio, nao walihitaji kitoweo cha sikukuu. Soko lile liliwekwa kwa ajili ya meza ya mnunuzi. Leo masoko ya namna hiyo yamejaa Ulaya, nayo yana malalamiko yake juu ya bei. Hata hivyo yana kawaida moja tunayoweza kuiazima bila gharama: anayenunua kinywaji cha moto hulipa dhamana ya kikombe, na akikirudisha hurudishiwa fedha yake yote, papo hapo. Kilicho chake kinabaki kuwa chake.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 9 Julai 2018 inahusu uhuru wa bei na ushindani. Wapo wanaoufurahia uhuru huo kana kwamba ni ruhusa ya kuficha. Ushindani hauwezekani gizani. Mteja hawezi kuchagua kati ya bei mbili asizoziona.

Kwa hiyo nawapa vijana kazi, na kazi yenyewe haihitaji mfadhili. Kila kibanda kiwe na ubao wenye bei iliyoandikwa kwa chaki kabla ya Misa, na isibadilishwe hadi jioni. Penye vinywaji, ujazo uandikwe kando ya bei. Bei itajwe kwa faranga, na kiwango cha kubadilisha shilingi kibandikwe mlangoni, kimoja kwa wote. Mweka hazina aandae noti ndogo mapema. Asiye na chenji asiuze peremende kwa nguvu. Karatasi zenye mhuri zilizobaki zirudishiwe fedha kabla ya giza. Kodi ya kibanda cha mama ipangwe mwisho, baada ya kodi ya hema, na iwe ndogo kwa mbali. Na Jumapili inayofuata, baada ya Komunyo, mmoja wenu asome mbele ya waamini: tulipata kiasi hiki, tulitumia kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki, nacho kitafanya kazi hii.

Mtaambiwa kwamba kwa namna hiyo mapato yatapungua. Huenda mwaka wa kwanza yakapungua. Jibuni kwamba nabii Amosi, katika sura ya nane, hakuwauliza wafanyabiashara wa Samaria walipata kiasi gani. Aliwashutumu kwa kuwa waliona sikukuu inakawia kwisha ili wakauze kwa kipimo kilichopunguzwa na mizani iliyochezewa. Wale walau waliingoja sikukuu ipite. Sisi tunapunja ndani ya sikukuu yenyewe, chini ya kivuli cha mnara wa kengele, hatua chache kutoka kwenye hori tulilolipamba kwa nyasi.

Atakayekuja kuketi kwenye hori hilo alizaliwa na wazazi waliokosa nafasi katika nyumba ya wageni. Injili haisemi bei ya chumba usiku ule ilikuwa kiasi gani. Katika uwanja wetu bei iandikwe ubaoni, herufi kubwa, mahali ambapo hata mgeni asiye na kitu anaweza kuisoma kabla hajabisha.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika kermesi iliyopita ya parokia yetu, ni bei zipi zilipanda kwa sababu ya gharama ya kweli, na zipi zilipanda kwa sababu tu ni Noeli? Tutazitofautishaje?
2. Ni nani kati yetu anayejua mapato na matumizi ya kermesi? Kama hakuna, ni nani tutakayemwuliza, na lini?
3. Tunapokwenda sokoni, tunapunguziwa bei na nani zaidi: mwenye nguvu au mnyonge?